Faragha ya Mgeni: Somo kwa Walio Nchi za Ghuba na Waliobaki Nyumbani

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni saa za mapumziko za mtu aliye mbali na kwao. Khabari za mshahara wa mgeni twazisikia sana. Kadhalika khabari za deni lake, za wakala aliyempeleka na za mwajiri wake. Lakini ni wachache mno wanaouliza: akishatoka kazini huenda wapi, hukaa na nani, na hufanya nini mpaka usiku uishe? Swali hili si dogo. Wako waliorudi mikono mitupu, na khasara yao haikuwapata katika saa za kazi bali katika saa zilizo baada ya kazi. Kazini mtu ana msimamizi; katika nafasi yake hana msimamizi ila nafsi yake, na Mola wake anamwona.

Leo watu wetu, wa pwani na wa bara, wako Saudia, Qatar, Imarati, Kuwait, Bahrain na Oman. Wako walinzi wa milango, madereva, wahudumu wa hoteli, wauguzi, walimu, watumishi wa nyumbani, na wake waliowafuata waume zao. Hali zao si moja, lakini wote hukutana na adui mmoja ambaye hakutajwa katika mkataba: nafasi isiyokuwa na kazi na chumba kisichokuwa na mwenziwe. Basi na tumtazame adui huyo ni nani, hutoka wapi, na hupigwa vita kwa silaha gani.

1. MAANA YA FARAGHA

Neno faragha asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni utupu: chombo kisichokuwa na kitu ndani yake, na wakati usiokuwa na shughuli. Lilipoingia katika Kiswahili likavaa maana ya pili, nayo ni kuwa peke yako. Twasema "wamekaa faragha" kwa watu waliojitenga wasisikike na wengine. Mtu aliye kwao aghalabu hupata moja tu katika maana hizi mbili kwa wakati mmoja. Akiwa hana kazi, yuko barazani na wenziwe. Akiwa peke yake, ana jambo analolitengeneza. Ama mgeni, maana zote mbili humwangukia pamoja: wakati wake ni mtupu, na yeye ni peke yake. Hapo ndipo penye uzito wa mambo.

Mtume wetu (S.A.W.) alizitaja afya na faragha pamoja kuwa ni neema ambazo watu wengi hupunjika kwazo. Tazama vizuri: faragha imetajwa kuwa ni neema, haikutajwa kuwa ni balaa. Na mwenye kupunjika ni mfanyabiashara aliyekuwa na mali akaitoa kwa thamani ndogo. Kwa hivyo mgeni mwenye saa mbili za jioni si maskini wa jioni hiyo. Ni mwenye mali, na linalobaki ni kuuliza ataiuza kwa bei gani.

2. UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Watu hudhani kuwa mgeni huchoka roho kwa kuwa hana la kufanya. Kwa hivyo humpa dawa ya kumpa vitu vya kufanya: simu nzuri, filamu, mchezo wa mpira, matembezi ya madukani. Dawa hii hutuliza kwa saa moja, kisha ugonjwa hurudi ukiwa na nguvu zaidi. Sababu yake ni kuwa ugonjwa haukuwa pale ilipopakwa dawa.

Fikiri juu ya siku ya mtu mmoja huko kwao, tuseme ni Majengo, au Lamu, au Kisii. Asubuhi jirani humpigia hodi akataka kuazima ngazi. Adhuhuri husikia kuwa kuna maziko, akaenda. Alasiri mtoto wa dadake humletea hisabu zilizomshinda. Jioni mamake humtuma dukani. Usiku huja mtu kumshauri katika jambo la posa. Siku hiyo yeye hakuipanga, wala hakuona kuwa ana "mipango ya wakati". Wakati wake ulijazwa na watu waliokuwa na haja naye. Na huenda alikuwa akinung'unika kuwa watu hawampi nafasi ya kupumua.

Sasa mchukue mtu yule yule umpeleke Doha au Riyadh, umweke katika chumba chenye vitanda sita. Anatoka kazini, anaoga, anakula, anajilaza. Hapana wa kumpigia hodi. Hapana maziko ya kwenda, hapana mtoto wa kumfundisha, hapana mzee wa kumtuma. Wenziwe wa chumbani lugha zao ni nyingine na zamu zao ni nyingine. Akiugua siku tatu, atakayeuliza ni msimamizi, na swali lake ni moja tu: utarudi kazini lini? Basi mtu huyu hakupungukiwa na mambo ya kufanya. Amepungukiwa na watu wanaomhitaji. Hili ndilo neno tunalotaka lishikwe katika somo hili: uchovu wa ugenini hautokani na wingi wa saa, hutokana na uchache wa wanaotuhitaji. Waswahili huuita ukiwa. Na ukiwa hauondoki kwa kuujaza wakati vitu. Huondoka kwa kuufunga wakati na watu.

Ukitaka ushahidi wa hili, izingatie Sura ya Asri, ambayo wengi wetu tuliihifadhi tukiwa watoto wa chuoni. Sura hiyo ni fupi, na mazungumzo yake ni ya wakati na khasara. Wenye kuokoka na khasara hiyo wametajwa kwa sifa nne: imani, vitendo vyema, kuusiana haki, na kuusiana subira. Mbili za mwisho mtu hawezi kuzitimiza peke yake, kwani hapana kuusiana pasipokuwa na mwenzio. Kwa hivyo kuokoa wakati si kazi ya mtu mmoja aliyejifungia mlango.

3. WALIOTANGULIA WALIFANYAJE?

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa pepo za kaskazi, kati ya Disemba na Machi, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume. Nahodha na mfanyabiashara aliyekwisha kuuza bidhaa yake mapema hakuwa na khiyari, ilimbidi angoje. Katika ngoja hiyo wako walioifuja miezi yao, na wako waliosomesha, waliosoma, waliooa, waliojifunza lugha. Athari za hao wa pili ziko mpaka leo katika misikiti yetu, katika majina yetu na katika ulimi wetu wenyewe. Wakati wa kungojea upepo ulizaa zaidi kuliko wakati wa kuuza nguo na tende.

Mtazame tena Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, na Biruni akapelekwa Ghazna, mbali na kwao, pasipo khiyari yake. Kutoka huko alipata njia ya kuijua Bara Hindi. Angeweza kukaa akilia mji wake. Badala ya hivyo alijifunza Kisanskriti, lugha ngumu ambayo haikuwa ya dini yake wala ya watu wake, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi akiwauliza na kuwasikiliza, na karibu na mwaka 1030 akamaliza kitabu chake juu ya India, ambacho wataalamu wa mataifa yote hukitegemea hata hivi leo. Ugeni wake aliufanya ni mlango wa kuwaendea wenyeji.

Na yuko aliyebanwa zaidi ya hao wote: Imamu as-Sarakhsi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi wa karne ya 11. Alifungwa huko Uzgand, na yasimuliwa kwamba alitiwa shimoni. Wanafunzi wake walikuwa wakija wakikaa juu ya ukingo, naye akiwasomeshea kutoka chini kwa hifadhi yake, hali hana kitabu mbele yake. Na hivyo ndivyo ilivyoanza Al-Mabsut, ambayo leo imepigwa chapa kwa juzuu 30. Mtu atasema: as-Sarakhsi alikuwa na elimu kubwa, na mimi ni mlinzi wa mlango. Ni kweli. Lakini tazama kilichomwokoa. Elimu alikuwa nayo kabla ya kuingia shimoni. Kilichomtoa katika ukiwa wa shimo ni wale waliokaa ukingoni wakimngoja aseme. Na wanafunzi hata wewe waweza kuwapata, ijapokuwa ni wawili, ijapokuwa unalowafundisha ni kusoma na kuandika.

4. HISABU YA SAA

Wengi husema: "Mimi sina nafasi kabisa." Basi na tuhisabu, kwani hisabu haimpendelei mtu.

Mkataba wa mtumishi wa nyumbani aghalabu huwa wa miaka miwili. Ndani ya miaka miwili mna wiki 104. Akipata siku yake ya mapumziko kila wiki, hizo ni siku 104, zaidi ya miezi mitatu mizima. Na mwenye kupata nusu saa tu kila siku, katika siku 730 atakuwa amepata saa 365. Saa 365 za kujifunza Kiarabu, au ushoni, au utunzaji wa hisabu za duka, humtoa mtu katika ujinga wa jambo hilo.

Kadhalika wanaofanya kazi juani. Nchini Qatar, tangu mwaka 2021, kazi za nje zimekatazwa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, tokea tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Imarati hukataza kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa mchana, na Saudia kuanzia saa sita mpaka saa tisa, zote mbili tokea 15 Juni mpaka 15 Septemba. Hatusemi kuwa saa hizo zote ni faragha, kwani mara nyingi kazi huanzwa alfajiri ili kuzifidia, na mwili uliochomwa na jua una haki ya kulala. Lakini baada ya usingizi husalia kipande, na kipande hicho ndicho huliwa na simu.

Yapasa pia kutenganisha faragha na kungoja. Mlinzi aliyesimama mlangoni saa kumi na mbili huona kuwa ana wakati mwingi, lakini wakati ule si wake. Ameuuza, na kuulinda mlango ni amana. Akisoma kitabu akauacha mlango, amefanya khiyana. Anachoweza kukifanya pale ni kukariri moyoni aliyoyahifadhi, maneno kumi ya lugha au aya alizozisoma jana, huku macho yake yako kazini.

5. MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Kwanza, jifunze lugha ya wenyeji. Mgeni asiyejua lugha ni bubu pasipokuwa na ugonjwa. Hufuatwa na khofu, hudanganywa katika karatasi anazotia sahihi, na hukosa rafiki. Mswahili ana bahati katika Kiarabu, kwa sababu maneno mengi ameshayabeba katika ulimi wake: wakati, kitabu, habari, sababu, safari, hisabu. Mjini Doha kiko kituo ambacho watu hukiita Fanar, na miongoni mwa kazi zake ni kuwafundisha Kiarabu wasiokuwa Waarabu. Katika miji ya Saudia ziko ofisi za jaliyat zinazowahudumia wageni kwa lugha mbali mbali. Ama aliye Muscat, asishangae akisikia Kiswahili sokoni: wako Waomani wengi ambao wao au wazee wao walikaa Zanzibar na pwani yetu, na wengi wao walirudi Oman baada ya mwaka 1970. Huyo ana mlango uliokwisha kufunguliwa nusu. Kilichobaki ni kutoa salamu.

Pili, uwe na mtu unayemfundisha. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kila mtu anajua kitu ambacho mwenziwe hakijui. Dereva anajua sheria za barabara, na mwenziwe anaogopa mtihani wa leseni. Mama aliye ghorofani pamoja na mumewe anajua Kiswahili fasaha, na watoto wa Kiswahili walio katika jengo lake wanakua hawajui kumwamkia bibi yao kwenye simu. Akiwakusanya watoto wanne kila Jumamosi kwa saa moja akawasomesha Kiswahili na adabu zake, amewaokoa wao na amejiokoa mwenyewe. Wake hawa waliofuata waume wana faragha ndefu kuliko mtu yeyote katika tuliowataja, na husahauliwa kuliko wote, kwa sababu huonekana kuwa wamestarehe.

Tatu, nenda palipo na vitabu na watu. Maktaba ya Taifa ya Qatar ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2017. Ina vitabu zaidi ya milioni moja, na mkaazi wa nchi hujiandikisha bila ya malipo. Karibu na bahari pale Doha iko Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, iliyofunguliwa mwaka 2008. Dubai iko Maktaba ya Mohammed bin Rashid, ya mwaka 2022. Sharjah hufanya maonyesho makubwa ya vitabu kila mwaka tangu 1982. Mgeni wetu huipita milango hii akidhani ni ya wakubwa. Si ya wakubwa. Ni ya mwenye kuingia.

Nne, soma somo lenye mwisho. Kusoma kidogo kidogo bila ya mpango ni kama kuchota maji kwa tenga. Chagua masomo yenye mtihani na cheti. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, husomesha kwa njia ya mtandao, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikisomesha walio mbali tangu miaka ya 1990. Na asiyefika daraja ya chuo kikuu asione haya kuanza na kilichompita shuleni. Tafuta mwenzio mmoja msome pamoja, kwani asomaye peke yake hujisamehe upesi.

Tano, simu ya nyumbani iwe na kazi na saa yake. Wengine mwili uko Riyadh na roho iko Kibokoni: harusi zote za nyumbani huziona katika simu, magomvi yote ya mtaa huyajua, na mahali alipo hapajui. Mtu huyu hayuko kwao wala hayuko ugenini. Hatusemi kate jamaa zake. Twasema azungumze nao kwa kazi. Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain saa yao ni moja na ya Mombasa; Imarati na Oman wametangulia kwa saa moja tu. Basi baba anaweza kila siku saa mbili za usiku kumsikiliza mwanawe akisoma, na kumuuliza hisabu za siku ile. Robo saa ya namna hii ni bora kuliko saa tatu za "niambie mengine," kwa sababu mtoto ana haja naye, na baba anajua kuwa akikosa atangojwa.

6. HADHARI

Faragha ina wezi wake, nao huja kwa sura ya rafiki. Wa kwanza ni kamari, ambayo siku hizi haihitaji nyumba wala meza. Iko mfukoni, katika simu. Mgeni mwenye deni la wakala na usiku mrefu ndiye windo lake zuri. Ni haramu katika dini, ni kosa katika sheria za nchi nyingi za Ghuba, na ni njia fupi ya kuurudisha mshahara kabla haujafika nyumbani.

Wa pili ni pupa ya kufanya kazi nyingine kwa siri katika saa za mapumziko. Kibali cha kazi humfunga mtu na kazi aliyoandikiwa. Kufanya nyingine bila ya idhini kwaweza kumtoa mtu nchini. Anayetaka, aulize kwanza njia ya sheria.

Wa tatu ni wema usiokuwa na elimu. Watu wetu wamezoea kuchangishana kwa maziko, matibabu na shule, na ni desturi njema. Lakini katika nchi za Ghuba kukusanya michango kwa watu bila ya idhini ya serikali ni kosa, na vyama na mikutano ina kanuni zake. Kadhalika kumpiga mtu picha bila ya ridhaa yake na kuitangaza. Kabla ya kuanzisha jambo la jamaa, waulizeni watu wa ubalozi.

Na hapa lazima tuseme neno moja kwa sauti. Yuko dada yetu anayenyimwa siku yake ya mapumziko, anayefungiwa mlango, aliyenyang'anywa simu na pasipoti. Huyo tusimpe somo la kuutumia wakati, wala tusimwambie asubiri. Hana uchovu wa nafsi, ana dhuluma. Nchini Qatar, Sheria namba 15 ya mwaka 2017 imeweka kazi ya mtumishi wa nyumbani isizidi saa kumi kwa siku, na kumpa saa 24 kamili za mapumziko kila wiki. Nchi nyingine nazo zina kanuni zao. Dawa ya dhuluma ni kuishitaki: ubalozi wa Kenya, ofisi ya kazi ya nchi ile, na jamaa wa nyumbani wasionyamaza. Subira ni fadhila mahali pake. Kuifanya pazia la kumfunika dhalimu ni makosa.

7. UDHURU NA MAJIBU YAKE

Atasema mmoja: "Nimechoka, nataka kulala tu." Jibu: lala. Mwili wako una haki juu yako, wala hatukuamrishwa kuuadhibu. Lakini pima: usingizi wa kupumzika humwamsha mtu mwepesi, na usingizi wa kukimbia huzuni humwamsha mzito kuliko alivyolala. Na huzuni ikishikamana wiki nzima, ukakosa hamu ya chakula na ya kuishi, huo si uvivu; ni maradhi, na maradhi hupelekwa kwa tabibu bila ya kuona haya.

Atasema mwingine: "Nimekuja kutafuta fedha, mambo haya nitayafanya nikirudi." Jibu: utakaporudi, hodi zile za jirani zitarudi, na hutapata tena jioni mbili zilizo zako. Fedha ukiikosa mwezi huu utaipata mwezi ujao. Miaka miwili ya Doha haina badali.

Atasema wa tatu: "Wenzangu wa chumbani si watu wa dini wala wa lugha yangu." Jibu: Biruni naye alikuwa hivyo. Mpikie Mnepali chai, mfundishe Mhindi kuhisabu kwa Kiswahili, naye akufundishe analolijua. Mtu unayejua jina la mamake si mgeni kwako tena.

8. WAJIBU WA WALIO NYUMBANI

Mpaka hapa tumezungumza na mgeni. Sasa twazungumza na sisi tuliobaki, kwani makosa mengi ni yetu. Tumemfanya ndugu yetu wa Ghuba kuwa mfuko. Simu yetu kwake ikilia, yeye hujua kabla ya kuipokea kuwa ni karo, ni paa, ni harusi. Siku asipokuwa na kitu huogopa kuipokea. Tumesema kuwa ukiwa ni kukosa wanaokuhitaji. Basi jueni kuwa kuhitajiwa fedha peke yake ni ukiwa mkubwa zaidi, kwa sababu humwambia mtu kuwa lau si mshahara wake asingekumbukwa.

Mhitajini kwa jambo jingine. Mtakeni shauri katika posa ya dada yake. Mpelekeeni barua ya shule mumuulize mtoto aingizwe wapi. Mwambieni awasimulie watoto mji alioko ukoje. Mpigieni simu siku moja katika mwezi msimwombe chochote. Na nyinyi wa darsa hii, kila mmoja achague ndugu mmoja aliye nje amweke katika zamu yake: asome naye ukurasa mmoja kwa wiki, amuulize na aulizwe. Kazi hii haina gharama, na huenda ikamwokoa mtu.

KHATIMA

Tumejifunza kuwa faragha ni mali, na kuwa mgeni huipoteza si kwa uvivu peke yake bali kwa kukaa pasipokuwa na anayemngoja. Tumejifunza kuwa dawa yake ni kujifunga na watu: kwa lugha, kwa kufundisha, kwa kusoma na mwenzio, na kwa simu yenye kazi. Na tumejifunza kuwa sehemu ya dawa hiyo iko mikononi mwa walio nyumbani. Mwenyezi Mungu awalinde ndugu zetu walio mbali, awarudishe salama na hali wamezidi, wala hawakupungua, na atuwafikishe sisi kuwatimizia haki zao. Amin.

MASWALI YA DARSA

1. Neno faragha lina maana gani mbili, na kwa nini zote mbili humfika mgeni pamoja?
2. Taja sifa nne zilizo katika Sura ya Asri. Ni zipi ambazo mtu hawezi kuzitimiza peke yake, na kwa nini?
3. Kuna tofauti gani baina ya faragha na kungoja? Toa mfano wa kazi unayoijua.
4. Mtu anayenyimwa siku yake ya mapumziko afanye nini, na jamaa zake wafanye nini?
5. Mtaje moyoni mwako ndugu mmoja aliye nje. Mara ya mwisho ulipompigia simu, ulimwomba nini? Wiki hii utamuuliza nini?